Hapa Hakuna Mtu

Ntumba aliposhuka kwenye taxi-bus pale mtaa wa Hewa Bora, aliusikia wimbo kabla hajaiona nyumba. Wanawake walikuwa wakiimba kwa sauti zilizokauka, sauti za watu waliolia mpaka machozi yakawaishia. Alikaza kitambaa chake cheusi kichwani, akaikumbatia sufuria ya samaki aliyoitoa nyumbani ikiwa bado ya moto, akavuka barabara.

Hakuna aliyekuwa amemwita. Baba yake, mzee wa Kasai mwenye duka la bikwembe, vitambaa vya kitenge, katikati ya mji, alikuwa amemkataza waziwazi asubuhi ile.

"Ule mutoto balisha kumuzika bila weye," alimwambia. "Unaenda kutafuta nini kule? Batakukula mubichi."

Ntumba alifunika sufuria, akatoka. Angemjibu nini? Kwamba anakwenda kumtafuta Godefroid? Kwamba tangu siku ya maziko simu ya Godefroid inaita tu, inaita, mpaka inajikatia yenyewe?

Godefroid alikuwa mchumba wake. Mvua zilipoanza alikuja kwa kina Ntumba, mtaa wa Bel-Air, pamoja na baba yake mdogo Dominique, wakaketi sebuleni, wakazungumza kwa heshima, wakapewa siku ya kurudi na ndugu zao wote. Siku ile sasa ilikuwa imefika na kupita bila mtu kuikumbuka. Mahali pa vigelegele palikuwa na kilio, na aliyekuwa analiliwa ni Élie, mdogo wake Godefroid, mwanafunzi wa chuo kikuu, kijana wa kucheka hata peke yake, aliyefia kwenye majani marefu kando ya barabara ya Kasomeno.

Na kila aliyeketi chini ya lile turubai aliamini kwamba Ntumba ndiye aliyemuua.

Alipoingia getini wimbo ulikatika. Haukukatika mara moja. Ulikufa kinywa baada ya kinywa, kadiri wanawake walivyogeuka na kumwona. Wanaume waliouzunguka mbabula wenye makaa wakaacha mazungumzo yao, mmoja ameshika kaa kwa kijiti na kusahau kuwasha sigara yake. Katikati yao aliketi Godefroid.

Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa zimemwota ovyo, na shati jeusi lilimning'inia kama la kuazima. Aliinua macho. Kwa kitambo kidogo Ntumba hakuona turubai wala watu. Aliona macho yale tu, macho yaliyokuwa yakimtafuta asubuhi kila alipoingia karakana walimofanyia kazi, kabla hata ya salamu. Akataka kuita jina lake. Godefroid akatangulia kuyashusha.

"Uko unatafuta nani?"

Ilikuwa sauti ya tante Kasonde, shangazi yake Godefroid, mwanamke mnene mwenye hatua za polepole, aliyesimamia jiko tangu kilio kianze.

"Tante, nilikuya kulia pamoja na ninyi."

"Na mu ile sufuria muko nini?"

"Samaki. Ni ya mama. Nilipika miye mwenyewe."

Tante Kasonde aliipokea sufuria kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, kama mtu anavyopokea zawadi ya mgeni. Akafunua kifuniko, akanusa.

"Unajua kupika," alisema.

Kisha akatembea nayo hadi kwenye mfereji wa maji machafu ukutani, akainama kwa taabu, akaimwaga. Hakuwa na haraka. Alimimina mchuzi kwanza, halafu akawaacha samaki waanguke mmoja mmoja. Mbwa wa jirani walifika kabla mchuzi haujazama ardhini. Alipomaliza alirudi, akamkabidhi Ntumba sufuria tupu kwa mikono ileile miwili.

"Aksanti, mwanangu."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Hakukemewa.

Ndipo Godefroid aliposimama. Alipita mbele ya Ntumba bila kumtazama, akamfanyia ishara ndogo kwa kidole, akaelekea nyuma ya jiko, mahali palipopangwa magunia ya makala, makaa ya kupikia. Ntumba akamfuata na macho yote ya kilio mgongoni.

"Juu ya nini ulikuya?" Godefroid aliuliza kwa kunong'ona.

"Juu hauchukue simu."

"Ntumba, hii haiko saa ya—"

"Banasema miye njo nilimuua Élie."

"Najua."

"Na weye? Weye unasema nini?"

Godefroid aliegemea magunia.

Walikuwa wamekutana juu ya kamera, hawa wawili. Ntumba alikuwa injinia, na tangu amalize masomo alikuwa na wazo moja lililomkosesha usingizi: kutengeneza kamera ya joto iliyo ndogo kuliko zote alizowahi kuziona. Kamera ya joto haina haja ya mwanga. Inasoma joto la vitu, na mtu aliyejificha kwenye majani hutokea kwenye kioo kama kaa linalowaka ndani ya majivu. Lakini kamera za namna hiyo zilihitaji drone kubwa za kuzibeba, na Ntumba alitaka yake ibebwe na drone ya kutosha kiganjani, inayoweza kupenya kati ya matawi na kuingia dirishani kama mbayuwayu. Godefroid alijua kujenga vidude hivyo. Yeye akaunda mabawa, Ntumba akaunda jicho. Waligombana juu ya gramu moja kama watu wengine wanavyogombana juu ya mpaka wa shamba, na katika ugomvi ule ndimo mapenzi yalimoota. Siku moja Godefroid alishika lenzi, ndogo kama punje ya mahindi, akabana pumzi ili asiitie ukungu. Ntumba akashtuka kuona kwamba na yeye alikuwa ameibana ya kwake.

Élie ndiye aliyekuwa mtu wao wa majaribio. Alikuwa akikimbia kujificha kwenye nyasi nje ya mji, nao wakairusha drone kumtafuta. Walimpata kila mara. Alikuwa akitoka na miba kwenye nywele, mikono juu, akipiga kelele: "Mulinipata tena! Hii kamera inanipenda kupita ninyi bawili munavyopendana!"

Ndani ya kamera ile Ntumba alikuwa ameweka kifuniko chepesi kama gamba la samaki. Kazi yake ilikuwa kufunga jicho kwa kitambo cha kupepesa, ili kamera ijikumbushe lipi ni joto lake yenyewe na lipi ni la dunia. Bila hicho, kamera ikishapata moto inaanza kuona ukungu. Godefroid alitaka kiondolewe. Drone ingekuwa nyepesi, ingekaa hewani zaidi, wateja wangefurahi. Ntumba alikataa. Alikataa kwa upole, kisha kwa ukali. Alipolala na malaria, Godefroid akakiondoa na asimwambie.

Halafu pick-up iliyombeba Élie ikapinduka njiani kuelekea Kasomeno. Wenzake walipatikana pale pale. Yeye hakuonekana, alirushwa, akainuka akiwa amepigwa kichwani, akapotelea majanini bila kujua aendako. Ndugu wakakimbilia kule, na Godefroid na Ntumba wakaja na drone yao. Jua lilikuwa linashuka. Walipofika upande wa mto picha ikaanza kufunikwa na weupe kama maziwa.

"Godefroid, kifuniko iko wapi?" Ntumba alimuuliza, na moyo wake tayari umeshajua.

"Niliitosha mu kamera."

"Shusha! Shusha ipoe, tuanze upya!"

"Jua inaenda, Ntumba. Na hii njo batri ya mwisho. Tazama tu, useme."

Nyuma yao walisimama ndugu wote wa nyumba ile, na mbele kabisa mama Clotilde, mama yake Élie, miguu wazi, viatu mkononi. "Munaona nini, banangu?" alikuwa akiuliza. "Munaona nini?" Godefroid akamgeukia Ntumba na macho yale ambayo msichana huyo alikuwa hawezi kuyanyima kitu. Ntumba akautazama ule ukungu. Hakuona kaa lolote likiwaka. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Hapa hakuna mutu."

Basi watu wakauacha mto, wakaenda kutafuta ng'ambo ya barabara. Kulipokucha wachoma makala wakamkuta Élie upande uleule wa mto, chini ya kichaka ambacho drone ilipita juu yake. Daktari aliyeutazama mwili alisema hakuwa amekufa muda mrefu. Alikuwa karibu kuifikia asubuhi akiwa hai.

Godefroid alikuwa amefunga kinywa tangu siku ile.

"Mama hajue ya kile kifuniko," alisema sasa, nyuma ya jiko, macho yake yakiwa chini. "Akijua kama ni miye, atakufa. Nitabaki nazika batu babili."

"Na miye? Miye nikifa haina kitu?"

"Usiseme vile." Alimshika mabega. Ntumba, aliyekuja na maneno makali ameyapanga njia nzima, alihisi yote yakimtoka kama maji kwenye kapu. "Sikiliza. Leo baba Dominique atasimama kufunga kilio. Ataniuliza mbele ya batu bote. Nitasema. Naapa ku kaburi ya Élie, Ntumba. Nitasema kama ni miye niliitosha, na kama weye ulinikatazaka."

"Kweli?"

"Niangalie."

Akamwangalia. Ee, angeacha kumwangalia siku ile, labda yaliyofuata yasingemuuma kiasi kile. Lakini alimwangalia, akayaona machozi yakijaa, akaweka kiganja chake kwenye shavu lile lenye ndevu za ovyo.

"Nitasimama pembeni yako," alimwambia. "Na miye niko na sehemu yangu. Nilisema neno yenye sikuwa na hakika nayo. Tutaibeba bawili."

Godefroid akakichukua kiganja kile, akakibana mdomoni mwake muda mrefu. Hivyo ndivyo tante Kasonde alivyowakuta. Hakuonyesha kushangaa.

"Mama anakuita mu chumba," alimwambia Ntumba. "Peke yako."

Chumba kilikuwa na giza la mapazia na harufu ya mishumaa. Mama Clotilde aliketi kwenye godoro chini, mgongo wima, rozari imezungushwa kwenye kifundo cha mkono. Alikuwa mjane wa fundi wa reli, mtu wa Mitwaba, aliyewalea wanawe wawili peke yake na kuwasomesha. Tangu mwanzo hakumtaka Ntumba. "Mutoto wa Kasai, na tena injinia," alikuwa akimwambia Godefroid. "Yeye njo atakuwa bwana, weye utakuwa bibi." Lakini leo sauti yake ilikuwa laini.

"Funga mulango, binti. Ikala."

Ntumba akapiga magoti mbele yake. Machozi yalianza kumtoka bila ruhusa. "Mama, pole. Mama, miye Élie nilimupenda kama—"

"Najua. Na yeye alikupendaka. Alikuwa anakuja hapa anasema, mama, ule Ntumba anapika muzuri kukupita." Alitabasamu kidogo, tabasamu lisilofika popote. "Nikuambie kitu. Godefroid alipokuwa mutoto, alikuwa anaiba sukari, anasema ni Élie. Na Élie alikuwa anakubali. Anageuka tu, anatoa mugongo. Miye nilijuaka. Lakini fimbo ilikuwa mu mukono, na mugongo ulikuwa pale, basi napiga."

Nje watu walikuwa wanapanga viti.

"Sasa Élie haiko tena," alisema. "Na fimbo ingali inatafuta mugongo."

Ntumba akasogea karibu naye. "Mama, kuko kitu yenye haujue. Mu ile kamera—"

"Kifuniko."

Neno lile dogo likatua kati yao kwenye mkeka. Ntumba akautazama mdomo wa yule mama kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyelisema.

"Aliniambia," mama Clotilde aliendelea. "Siku yenye balimuleta Élie hapa, Godefroid alipiga magoti pale pale uko sasa. Aliniambia yote. Kama ulimukataza. Kama ulilala na malaria, haukujua. Hata vile ulimulilia ashushe ile kandege."

"Basi... mama, unajua."

"Najua kupita bote bale ku inje. Njo maana nilikuita. Sipende uende ukifikiri kama Clotilde ni mujinga."

"Juu ya nini basi, mama?" Sauti ya Ntumba ilikuwa imebaki uzi. "Juu ya nini unaniachia banimwangie chakula kama mbwa?"

Mama Clotilde alimtazama moja kwa moja. Hakuwa na hasira usoni. Laiti angekuwa nayo.

"Nilizaa batoto babili. Mumoja iko mu udongo. Uyu mwengine, nikimuchukia, nitabaki na nani? Na ile chuki iko, Ntumba." Alijigonga kifuani kwa ngumi iliyoshika rozari. "Iko hapa. Inanikaba. Lazima niiweke ku mutu. Nilitafuta. Mungu, sikumuweza. Godefroid, sikumuweza. Weye hauko mutoto wangu."

Kuna maneno ambayo mtu akiambiwa kwa ukali anaweza kuyajibu, lakini akiambiwa kwa upole anabaki nayo mkononi, hajui ayaweke wapi.

"Na Godefroid?" aliuliza mwishowe. "Yeye alisema nini?"

"Nilimuambia: ile neno isitoke tena mu kinywa yako. Akaniuliza: basi, mama, tutasema ni nani? Nilimwangalia tu. Akanyamaza. Mu nyumba yetu, kunyamaza ni kukubali."

"Lakini ameniapia sasa hivi! Aliniambia weye haujue kitu. Anasema leo atasema mbele ya batu!"

Hapo kwa mara ya kwanza uso wa mama Clotilde ulibadilika. Ulijaa huruma, huruma ya kweli ya mwanamke kwa mwanamke, na hiyo ndiyo iliyomchoma Ntumba kuliko yote.

"Alikuambia vile? Masikini." Alinyoosha mkono ili ainuliwe, na Ntumba, kwa mazoea ya malezi yake, akamwinua. "Basi twende tumusikilize."

Walitoka pamoja, mama ameushikilia mkono wa Ntumba kama mtu anayeegemea mkwewe. Watu wakapisha. Baba Dominique alikuwa amekwisha kusimama, kofia mkononi, mzee mrefu mwenye sauti ya mahubiri.

"Tunataka kufunga kilio na moyo safi," alisema. "Kuna mambo inasemwa mu quartier, mu mutaa muzima. Godefroid, baba yako haiko, weye njo mukubwa wa hii nyumba. Simama. Uyu mwanamuke ni nani kwako?"

Godefroid alisimama. Ntumba alikuwa ng'ambo ya uwanja, karibu aweze kuhesabu vifungo vya shati lake. *Sema,* alimwomba kwa macho. *Anajua, mpenzi wangu. Mama yako anajua. Hakuna wa kufa. Sema tu.*

Godefroid hakumtazama yeye. Alimtazama mama yake.

"Tulikuwa tunatumika kazi naye," alisema.

"Ni bibi yako?"

"Hapana, baba."

"Na siku ile ku njia ya Kasomeno, ni nani alisema ku upande wa muto hakuna mutu?"

Godefroid alilamba midomo.

"Ni yeye."

Hakuwa amesema uongo hata mmoja. Kila neno lilikuwa kweli, na ndiyo maana halikuwa na mahali pa kushikwa. Wanawake wakaguna kwa pamoja, mguno wa watu waliothibitishiwa kitu walichokwisha kukijua. Baba Dominique akatikisa kichwa. Mkono wa mama Clotilde ukauachia wa Ntumba, polepole.

Ntumba hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Alipiga hatua mbele.

"Baba Dominique, naomba neno moja. Mu ile kamera mulikuwa kifuniko, na Godefroid—"

Tante Kasonde alipaza wimbo.

Aliurusha juu kwa nguvu zote za kifua chake kipana, wimbo wa kanisani ambao kila mtu aliujua, na kabla ubeti haujaisha wanawake wote walikuwa wameudaka, wakapiga makofi, wakasimama. Ntumba hakunyamaza. Aliendelea kusema katikati ya wimbo ule, kifuniko, malaria, nilimukataza, nilimuambia ashushe, mishipa imemsimama shingoni, na hakuna hata mtu mmoja aliyemsikia.

Isipokuwa Godefroid. Yeye alikuwa anaitazama midomo yake. Alilijua kila neno lililopita pale, kwa sababu yote yalikuwa ya kwake, yale aliyoapa kuyasema. Ntumba akamwona anameza mate; akamwona anafumba macho. Kisha midomo yake Godefroid nayo ikafunguka, na akaimba pamoja nao.

Ntumba alitoka getini kwa miguu yake mwenyewe. Hakuna aliyemsukuma; hakukuwa na haja.

Alikuwa amefika kwenye kona, karibu na wauza mkate, aliposikia mtu anakimbia nyuma yake.

"Ntumba! Ntumba, ngoja!"

Moyo ni mpumbavu. Uliruka. Pamoja na yote yale, uliruka.

Godefroid alifika akihema, uso umelowa. Akaushika mkono wake kwa mikono miwili. "Pardon. Nakuomba pardon. Sikuweza. Ulimuona mama vile anasimama? Nipe muda tu. Kilio ipite, mwaka upite, mama atatulia. Tutakuwa tunaonana. Batu hapana kujua. Nitakuya kwako Bel-Air, ao tutapata nafasi ingine. Nakupenda, Ntumba. Mungu anajua nakupenda."

"Mama yako anajua."

"Anajua nini?"

"Kifuniko. Aliniambia. Anasema ulimuambia weye mwenyewe, halafu ukanyamaza."

Godefroid alimkodolea macho. Ntumba alingoja aibu imshukie. Alingoja aanguke, alie, ajipige kifua, chochote. Badala yake aliona mabega yake yakilegea, kama ya mtu aliyeshushiwa mzigo.

"Alikuambia?" alisema, na pumzi ndefu ikamtoka. "Basi unaelewa! Aksanti Mungu. Unaelewa sasa juu ya nini sikuweza."

Na Mungu amsamehe, Ntumba alikuwa karibu kukubali. Mkono ule aliujua. Aliujua ukishika bisibisi, aliujua ukimtafutia viatu vyake chini ya meza. Watu wanapita kando yao na mikate kwapani, jua linawaka, na yeye amesimama anapiga hesabu za mwanamke anayependa: mwaka mmoja si mwingi, kujificha si kufa, wangapi wameishi hivyo. Mdomo wake ulikuwa umeanza kutafuta neno la kumwambia.

"Godefroid!" Tante Kasonde aliita kutoka getini. "Mama anakuita!"

Mkono ulimwachia. Ulitangulia kumwachia, ndipo kichwa kikageuka kutazama ni nani aliyeita.

"Nakuya, tante!"

Ntumba akakitazama kiganja chake kitupu kikiwa bado hewani. Akakishusha.

"Enda," alimwambia Godefroid. "Enda ukaimbe."

Alitaka kusema kitu, Godefroid. Aligeuka mara mbili akiwa anarudi nyuma kinyumenyume. Halafu tante Kasonde akaita tena, naye akakimbia, mwanaume mzima anakimbia kama mtoto aliyetumwa chumvi, akaingia getini asitazame tena.

Ntumba hakujua alisimama pale muda gani. Aliyemgutusha alikuwa mwanamke wa makamo, mgeni kabisa kwake, miguu imejaa vumbi jekundu la safari ndefu, furushi kichwani na kuku mmoja amefungwa miguu mkononi.

"Mwanangu, nakuomba," yule mama alisema akihema. "Natoka ku Mitwaba, lori ilitulaza njiani. Kilio ya mutoto wa Clotilde ni kwenye hii barabara?"

"Ni pale, mama. Kwenye turubai."

Yule mama aliyafuata macho yake hadi getini, kisha akamrudia. Akakiona kitambaa cheusi. Akayaona macho yaliyovimba. Akalitua furushi lake vumbini, kuku na vyote, akamvuta Ntumba kifuani kwake, kifua chenye harufu ya moshi na jasho na mafuta ya mawese.

"Pole, mwanangu. Pole sana," alisema, na akaanza kumbembeleza huku na huku. "Ni mudogo wako?"

Hapakuwa na mwingine aliyempa pole, tangu Élie afe.

"Ndiyo, mama," Ntumba alisema, na sauti ikamkatika. "Ni mudogo wangu."